Karoti Ndani ya Chupa ya Jumanne

Hakuna mtu anayejichagulia jina la utani. Tungekuwa tunajichagulia, wote tungeitwa Simba, Bosi au Mrembo wa Mtaa, majina ambayo hata ukiitwa katikati ya soko unageuka kwa maringo. Mpishi mkuu wa shule moja ya msingi hakupata bahati hiyo. Yeye aliangukiwa na Bi Nusanusa, na jina likamganda kama masizi kwenye sufuria. Sugua weee, liko palepale.

Lilianza siku ya wazazi. Mgeni rasmi, mzee wa suti ya kijivu na kitambi cha heshima, alikuwa akipitishwa kusalimia wafanyakazi waliopangwa mstari mbele ya ofisi. Akawapa mkono walimu, akampa mkono mlinzi, akafika kwa wapishi. Mama wa watu akaupokea ule mkono kwa mikono miwili, akainama kidogo kwa adabu, na kabla akili haijamkumbusha yuko wapi, akaupeleka mkono wa mheshimiwa puani na kuvuta pumzi.

Msicheke bado, kuna sababu. Kila asubuhi, kabla mtu hajagusa mwiko, wapishi wake walikuwa wanapanga foleni mlangoni mwa jiko na yeye anawanusa viganja. Anayenukia sabuni anaingia, asiyenukia anarudi bombani bila mjadala. Alishafanya hivyo mwaka mzima, mwili ukazoea: mkono ukija, pua inaenda yenyewe. Sasa ndiyo ukaja mkono wa mgeni rasmi. Na bora angeishia kunusa. Yeye alimtazama yule mzee kwa huruma kabisa, kama anavyomtazama mtoto aliyepoteza kiatu, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo, kwa mikosi tu, ilisikika mpaka mstari wa nne wa darasa la tatu:

"Sabuni, baba."

Watoto mia sita waliangua kicheko cha kuezua bati. Mwalimu mkuu akakohoa kikohozi ambacho hakikuwepo kifuani. Mgeni rasmi naye, sifa yake tumpe, alicheka, akauliza bomba liko wapi. Lakini ndiyo ilikuwa imetoka hiyo. Jina lilimtangulia nyumbani. Mumewe, fundi cherehani anayeshonea chumba cha mbele cha nyumba yao, alimpokea mlangoni na mikono miwili mbele kama mtu aliyekamatwa na askari. Karibu mke wangu, akamwambia, mimi nimeshanawa.

Sasa mtu wa kunusa watu viganja unaweza kudhani alizaliwa hivyo. Wala. Aliingia pale shuleni kama mfagizi. Alipostaafu mpishi wa zamani, wakamsogeza jikoni kwa sababu alikuwa mtu mzima, mtulivu, na hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuamka mapema vile. Kwa mwaka wa kwanza alipika kama tunavyopika wote: unaonja kwa mwiko uleule, unafuta kisu kwenye aproni, chakula kikibaki unakifunika na kukiamini.

Kisha akapelekwa semina ya siku tatu na bwana afya wa eneo lao. Wenzake walikwenda kwa ajili ya soda. Yeye alirudi na daftari lenye mistari imepigwa chini kwa kalamu nyekundu, na macho ya mtu aliyeoneshwa mizimu. Alikuwa ameelezwa jinsi wadudu wasioonekana wanavyozaana kwenye sufuria iliyofunikwa ikiwa na uvuguvugu, na hakulala vizuri wiki nzima akifikiria sufuria zote alizowahi kuzifunika.

Jiko likabadilika. Kisu cha nyama mbichi kikafungwa utepe mwekundu kwenye mpini, na ole wake atakayekatia nacho nyanya. Chakula kilichobaki marufuku kulala jikoni. Kinachukuliwa siku ileile na mfuga kuku anayepita na baiskeli yake, na daftari la jiko linawekewa tiki kwamba kimetoka, kisha mpishi mkuu anasaini. Na juu ya yote, chupa.

Chupa ndiyo ilikuwa roho yake. Kila mchana, kabla mtoto wa kwanza hajapakuliwa, upawa mmoja wa chakula cha siku hiyo unaingia kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa. Inafungwa kifuniko, inabandikwa karatasi yenye jina la siku, inakaa kwenye friji siku tatu. Mtoto akiumwa tumbo, hakuna kubishana wala kunyoosheana vidole: chupa inapelekwa kupimwa, inasema yenyewe. Wapishi waliiita Shahidi. Watoto, kwa upande wao, walikuwa na nadharia kwamba ni chakula anachomfichia fundi cherehani, na wakimwona mumewe amenona kidogo wanapigana viwiko.

Hakuishia jikoni. Alikuwa anaomba robo saa ya kipindi kwa walimu, anaingia darasani na beseni na kipande cha sabuni, anawafundisha watoto kuosha mpaka katikati ya vidole. Alitoka hata getini, kwa mama anayeuza matunda yaliyokatwa. Akamwonesha namna ya kuosha matunda kwa maji ya bomba yanayotiririka na kuyafunika kwa kawa. Mama Matunda mwanzoni alinuna, akauliza hii ni shule au mahakama. Baadaye akawa ndiye anayewafukuza watoto wenye mikono michafu kabla hawajagusa meza yake.

Na katika yote hayo, pembeni yake alikuwepo Pacha.

Pacha hakuwa pacha wake kwa kuzaliwa, na ukiwaona utajua mara moja. Mmoja mwembamba kama mwiko, mwingine mnene kama sufuria ya watu mia mbili, yaani hata vivuli vyao vilikuwa havijuani. Lakini walianza kazi mwezi mmoja, walizaa mabinti mwaka mmoja, na fundi cherehani aliwashonea aproni za kitambaa kimoja, bluu yenye vidoti vyeupe, mpaka wageni wakawa wanauliza nani mkubwa. Walikuwa wanagawana kila kitu: dawa ya kichwa, umbea, hata viatu vya mvua, kwa zamu. Bi Nusanusa alipofiwa na mama yake, Pacha ndiye aliyepika jiko zima peke yake siku nne na bado jioni anakuja kumkandia miguu. Funguo za stoo na friji alikuwa nazo Pacha. Karatasi za chupa alikuwa anaziandika Pacha, kwa zile herufi zake za mviringo kama maandazi.

Ile foleni ya asubuhi, Pacha alikuwa hapangi. Mwanzoni alipanga kama wengine. Baadaye akawa anapita tu na funguo zake zinalia, anafungua stoo, na pua ya mpishi mkuu inageukia mtu anayefuata. Wale wapishi wengine wawili walishawahi kulalamika kwamba mbona huyu hanuswi. Bi Nusanusa akawajibu kwamba mkono wa Pacha ni mkono wake mwenyewe, au wanataka ajinuse?

Basi ikaja wiki yenyewe.

Bwana afya alikuwa amemwomba Bi Nusanusa akawafundishe wapishi wa shule nyingine kumi, siku nzima ya Jumanne. Yeye. Mtu aliyeingia shuleni na fagio. Ikienda vizuri, bwana afya alisema, kazi hiyo itakuwa yake kila likizo, shule kwa shule, na barua rasmi juu. Fundi cherehani alimshonea gauni jipya na kumpima mara tatu kana kwamba ni bibi harusi. Binti yao akamwonya asije akanusa watu huko.

Jumatatu mchana alikuwa kichwa hakipo. Madarasa ya juu yalikuwa yamekwenda kwenye mechi shule ya jirani, kwa hiyo maharage yalibaki nusu sufuria. Alipokuwa anavua aproni aliuliza kama yale mabaki yametoka. Pacha akamwambia yameshatoka zamani, weka saini hapa shoga yangu uende ukapumzike, kesho unatuwakilisha. Tiki ilikuwepo. Akasaini akiwa amesimama, begi begani, akaondoka anaimba.

Jumanne ikawa Jumanne ya maisha yake. Wapishi arobaini waliingia ukumbini wamenuna kama waliohukumiwa, na mpaka mchana walikuwa wananusana viganja kwa kicheko, mmoja anamtuhumu mwenzake kwamba ananukia kitunguu cha juzi. Bwana afya alimpa mkono mwishoni, akautoa mwenyewe unuswe. Jioni, kabla hata ya kwenda kwa mumewe, Bi Nusanusa alipitia kwa Pacha kumsimulia yote. Pacha alimkumbatia, akasema alijua tu. Alisema amechoka, gesi ilimsumbua mchana.

Jumatano asubuhi karoti zilifika. Zilikuwa zinasubiriwa tangu Ijumaa, gari la mboga likaharibika, ndiyo zinakuja. Menyu ya shule mnaijua: Jumatatu wali na maharage, Jumanne maharage na wali, Jumatano maharage yenye karoti ili isemekane kuna mabadiliko. Karoti alizikata yeye mwenyewe, ndefundefu kama vidole, kwa sababu zikikatwa duara watoto wa darasa la kwanza wanazitoa na kuzichezea kama vifungo. Hakuna mwingine jikoni aliyekuwa anakata hivyo. Wote waliona anajitafutia kazi tu.

Alikuwa bado na upawa mkononi mwalimu mkuu aliposimama mlangoni. Mwalimu mkuu huwa haji jikoni. Alisema watoto thelathini na mmoja wa madarasa ya chini hawajaja, wazazi wanapiga simu tangu asubuhi, ni matumbo. Walianza usiku. Wengi wameanza kupata nafuu, hakuna aliyelazwa, lakini bwana afya anakuja kesho na anataka kuanzia jikoni.

Wapishi wale wawili waligeuka sanamu. Bi Nusanusa aliuliza kwanza majina ya watoto, mmoja mmoja, na yule mdogo wa darasa la pili asiye na meno ya mbele aliuliza habari zake mara mbili. Kisha akaweka upawa chini na kunyoosha mgongo.

"Bwana afya aje," akasema. "Chupa ya Jumanne ipo. Iende ikapimwe, na chochote itakachosema tutakipokea."

Alisema kwa kujiamini, na hakuwa anajitutumua. Jumanne hakuwepo, kweli, lakini jiko lilikuwa mikononi mwa nani? Mikononi mwake mwenyewe, tena afadhali. Pacha alikuwa ameinamia sufuria kwenye karo, anaisugua. Sufuria ilishatakata siku nyingi ila yeye anaisugua tu. Jioni ilipofika akamwambia mwenzake awahi nyumbani, miguu yako imevimba, nitafunga mimi. Na Bi Nusanusa, jamani, alishukuru.

Alhamisi aliwahi kuliko wote. Alitaka kuiandaa chupa mwenyewe, aipanguse, aiweke kwenye kiboksi chenye barafu kama alivyofundishwa. Alikuwa amechukua funguo za akiba ofisini. Akafungua friji, chupa tatu zimepangwa, akatoa yenye karatasi ya JUMANNE kwa zile herufi za maandazi. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha la wavu.

Ndani ya maharage kulikuwa na karoti. Ndefundefu, kama vidole.

Cha ajabu ni kwamba kwanza alitabasamu. Ni ile unaona kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako, unakifurahia kabla hujauliza kimefikaje hapo. Tabasamu lilikaa kidogo, halafu likaanza kushuka lenyewe, upande mmoja, kisha wa pili. Jumanne hakukuwa na karoti shule nzima. Jumanne zilikuwa kwenye gari bovu barabarani.

Alifungua kifuniko akanusa, ingawa hakukuwa na haja. Maharage ya jana, mazuri, matamu, hayana kosa lolote. Akaifunga. Akavuta kigoda akakaa, chupa mapajani, na akakaa hivyo mpaka aliposikia funguo zinalia kule nje.

Pacha aliingia, akaona chupa iko wapi. Akaanza kufunga aproni, akashindwa kupata kamba.

"Ya Jumanne iko wapi?" akaulizwa.

"Nimeimwaga."

Ikabidi aseme, na aliposema aliyasema yote kwa mkupuo mmoja akiwa ameangalia sakafu. Jumatatu yule wa kuku hakutokea. Sufuria ilikuwa imefunikwa palepale kwenye jiko la kona, hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama mwenzake akisaini. Tiki aliiweka kwa sababu alijua baiskeli itapita tu, kila siku inapita. Haikupita. Jumanne gesi ikakata katikati, maharage mapya bado magumu kama kokoto, watoto mia sita wameshapanga foleni na sahani. Akayachanganya na yale ya Jumatatu, akayapasha na moto mdogo uliobaki, akawapakulia watoto wa madarasa ya chini wawahi. Aliyaonja. Yalikuwa hayana tatizo, aliapa, yalikuwa hayana harufu kabisa. Na jana, aliposikia bwana afya anakuja, akabadilisha kilichomo kwenye chupa.

"Nimekuokoa wewe," Pacha akamalizia. "Saini ni yako, si yangu. Ikipimwa ile ya kweli, barua yako ya kufundisha inakwenda na maji. Hii ikipimwa, sote tuko salama. Hukujua, na sikutaka ujue. Irudishe kwenye friji, dada, nakuomba."

Hapo ndipo ilipomwingia, na haikumwingia kwa upande wa chupa. Chupa mtu anaweza kubadilisha kwa woga. Iliyomkata ni ile sufuria, hatua tatu. Kwamba aliambiwa na pacha wake aweke saini huku kitu chenyewe kimesimama nyuma ya mgongo wake, cha moto bado, na angenyoosha tu mkono kuinua kifuniko. Hakunyoosha. Wafanyakazi wote aliwanusa, wageni rasmi aliwanusa, watoto wa watu aliwageuza viganja mbele ya darasa. Mtu mmoja tu ndiye hakumkagua. Na Jumanne jioni alikwenda kumsimulia ushindi wake, akakumbatiwa na mikono ileile iliyopakua.

Hakupata nafasi ya kujibu. Mwalimu mkuu alikuwa ameshamwita nje, chini ya ukingo wa bati, huku bwana afya akimalizia chai ofisini. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata usingizi. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba asiwe na wasiwasi, mambo yamekaa vizuri. Mwenzako jana aliniletea taarifa nzuri sana, akasema: wale watoto walionekana wakila matunda pale getini. Chupa ikitoka safi, na itatoka safi, basi tunajua ni nani. Kamati ya wazazi imeshakubali, yule mama ataondolewa leo saa nne na meza yake.

Bi Nusanusa aliangalia getini. Mama Matunda alikuwa anafika, kawa kichwani, anajaza ndoo bombani kama alivyofundishwa, maji yanatiririka. Hakuwa na habari yoyote. Aliinua mkono kusalimia.

Kumbe Pacha hakuishia kumwaga chupa. Alishatafuta na mtu wa kumwagia lawama.

Sasa mweleweni vizuri alipokuwa amesimama huyu mama. Mkononi ana chupa ambayo akikaa kimya tu, hata bila kusema uongo, inamsafisha. Kazi yake inabaki, barua inabaki, jiko lake lenye sifa linabaki, mtu wake anabaki. Watoto wameshapona. Kinachoondoka ni meza moja ya matunda ya mwanamke ambaye si ndugu yake. Na akifungua mdomo, hana tena cha kujitetea nacho, kwa sababu ushahidi wa kweli ulishapita kwenye karo.

Bwana afya alitoka na kiboksi chake, ana furaha kumwona mwalimu mwenzake. Akamtania kwamba leo yeye ndiye ananuswa. Akanyoosha mkono kupokea chupa.

"Hii si ya Jumanne," Bi Nusanusa akamwambia.

Bwana afya akasoma karatasi, akamwangalia, akamuuliza kama ana hakika. Bi Nusanusa akamweleza karoti zilifika lini, nani alizikata, kwa umbo gani. Akaeleza nusu sufuria ya Jumatatu, gesi, na maharage yaliyochanganywa. Alipofika kwenye daftari alilifungua mwenyewe na kuweka kidole kwenye saini yake, akasema hiyo niliiweka bila kuangalia. Jina la Pacha alilitaja mara moja tu, pale ambapo hakuwa na namna. Mwalimu mkuu alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayemtazama mwenzake anavua nguo sokoni.

Kwenye mlango wa jiko Pacha alisikia yote. Alifungua aproni ya vidoti, akaikunja mara mbili vizuri, akaiweka juu ya kigoda na funguo juu yake, akapita katikati yao akielekea getini.

Jiko lilifungwa siku kumi, likasuguliwa mpaka rangi ikatoka. Pacha hakurudishwa kazini. Mama Matunda alibaki na meza yake, na mpaka leo hajui kwamba alikuwa karibu kuondolewa, kwa hiyo hajamshukuru mtu, na bei ya matunda hajampunguzia mtu. Bi Nusanusa alipewa barua, ndiyo, ila ya onyo. Kuhusu kufundisha shule nyingine, bwana afya alimwambia kwa aibu kwamba wakubwa wameona isubiri. Mwalimu mkuu anamsalimia kwa kichwa tu.

Lakini wanaomuumiza zaidi ni wale wapishi wawili. Wanapanga foleni asubuhi kama kawaida, wananyoosha viganja, vinanukia sabuni vizuri kabisa, halafu wanaingia na kupika bila kumwongelesha. Alisikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba angalia sana maneno yako hapa, huyu alimuuza pacha wake mwenyewe, sembuse wewe. Kwa hiyo kwenye hadithi yao msaliti ni yeye. Siku nyingine akiwa peke yake na sufuria anajaribu kuipiga upya hesabu hiyo aone kama ni kweli, na jibu halipati.

Sasa yeye ndiye anayeinua vifuniko vyote kabla ya kusaini. Vyote, hata vya sufuria tupu zilizopinduliwa kukauka. Binti yake alimtania siku moja kwamba mama sasa unazitilia shaka hata sufuria, na akaona mama yake hajacheka, akaacha.

Walikutana mara moja tu. Pacha alikuja kwa fundi cherehani kuchukua sketi ya binti yake iliyokuwa imeshonwa kabla ya haya yote, akidhani mwenzake yuko kazini. Ilikuwa Jumamosi. Mume aliona hali, akajifanya sindano imekatika, akaenda uani kutafuta nyingine ambayo haipo. Wakabaki wawili na cherehani katikati. Pacha alikuwa amepungua. Aliangalia ile sketi, akahesabu marinda, akaikunja.

"Ingekuwa mimi," akasema, "ningenyamaza kwa ajili yako."

"Najua," Bi Nusanusa akamjibu. "Na watoto thelathini na mmoja wangekuwa wamenyamaziwa pia."

Pacha alichukua sketi yake akatoka. Hakubamiza mlango, aliurudisha taratibu, kama mtu anayetoka kwenye chumba chenye mtoto amelala. Bi Nusanusa alikaa kwenye kiti cha wateja. Fundi alirudi na mikono mitupu. Alimsogezea kitambaa apige bandi, ile mishono mirefu ya muda, pamoja naye, na wakafanya kazi hivyo mpaka jua lilipohama chumbani.

Sasa ni zamu yenu. Nani hapa alishawahi kuweka saini, au kula, au kuapa kwa niaba ya mtu, bila kuangalia, kwa sababu aliyemwambia "yameshatoka" ni mtu wake? Na wewe uliyesoma shule ya bweni au ya chakula cha mchana, jiko lenu nani alikuwa anainua vifuniko? Na kama uliwahi kuwa upande wa Pacha, na unaona mwenzako angenyamaza tu, sema vilevile, hapigwi mtu hapa. Andikeni chini hapo, ndefu au fupi. Majina ya watu na ya shule yaacheni, tupeni tu lile jina la utani na kilichotokea.